Moyo wa Kuazima

Kijiwe chetu kiko Tunduma, pale malori ya kwenda Zambia yanapoanza kujipanga foleni na madereva wanapoanza kukata tamaa ya kuvuka siku hiyo. Benchi lenyewe ni ubao uliobanduliwa kwenye bodi la Fuso, umelazwa juu ya matairi yaliyokwisha kazi, mbele ya banda la Gwakisa, fundi wa pancha, ambaye sisi tunamwita Dokta Tairi. Kahawa inatoka kwa Salum, na Salum anaifuata kwa wakulima wa Mbozi, kwa hiyo msije mkatusimulia habari za kahawa ya kopo. Jioni tunakaa watu wale wale. Mimi ni fundi simu, wananiita Redio, wanadai nikishawashwa sizimiki. Ni uzushi mtupu, ila watu wa hapa hawajui kusikiliza. Nawapenda hivyo hivyo walivyo.

Siku ninayoisema, Kapteni alichelewa kufika. Kapteni ni Shadrack, mzaliwa wa Chitete, dereva wa masafa marefu, mwenye tumbo la mwenyekiti na sauti ya kuita mtu aliye upande wa pili wa mpaka. Amepeleka mizigo Lubumbashi miaka mingi, na barabara ile anaisimulia kama mtu anayesimulia ukoo wake. Alikaa mwisho wa benchi, akapokea kikombe, akakishika tu. Dokta Tairi akamuuliza kama gari limemsumbua. Akajibu kuwa gari ni zima, mwenye hitilafu ni dereva.

Akatueleza. Bosi wake aliwapeleka madereva wote kupimwa afya. Daktari alimsikiliza kifua, akarudia kusikiliza, kisha akamwambia wiki ijayo aende hospitali kubwa Mbeya akapimwe moyo kwa kukimbizwa kwenye mashine. Bosi naye akasema hana neno, ila mpaka majibu yatoke ndipo atajua usukani unabaki kwa nani.

— Mashine inakukimbiza kwenda wapi? Dokta Tairi aliuliza.

— Hakuna kwenda. Unakimbia palepale. Chini kuna mkanda unazunguka, wewe juu yake unatembea. Wanauongeza mwendo kidogo kidogo, halafu wanaunyanyua mbele unakuwa kama mlima. Kifuani wamekubandika nyaya, zinachora moyo unavyopiga.

— Yaani unatoka jasho na hujafika popote.

— Hujafika popote.

— Afadhali hiyo kuliko foleni ya hapa, nikasema mimi. Huko angalau mtu anatembea.

Tulicheka, na Kapteni akacheka. Hapo ndipo lilipoanza kosa letu, na inabidi niwaeleze watu wa mbali, maana nyinyi msingelikosea hivyo. Sisi Tunduma tunaishi kwa kupitisha. Mahindi yanapitishwa, vitenge vinapitishwa, magari yanapitishwa, harusi za mabinamu zinapitishwa na ngoma zake zote. Mtu wa hapa ukimtajia kipimo, hakuulizi wanatafuta nini. Anakuuliza tunapitaje. Kwa hiyo hakuna aliyemuuliza Kapteni moyo wake una nini. Tulisogeza vikombe, tukaanza kumtafutia njia.

Wa kwanza alikuwa Ferdinand, ambaye tunamwita Wakili. Si wakili hata kidogo. Kazi yake ni kuwahangaikia watu mizigo yao pale mpakani, lakini hutembea na kalamu mfukoni mwa shati, na hajawahi kusema "sijui" tangu tumfahamu. Akavuta pumzi, akasema shauri hili ni jepesi, kilichoharibu ni kwamba Kapteni alikwenda kwa daktari wa kwanza bila kumshirikisha.

— Sikiliza, Kapteni. Ukiulizwa, jibu ulichoulizwa, usizidishe. Wakisema unajisikiaje, sema vizuri. Wakisema umechoka, sema bado.

— Na wakiniuliza kama kifua kinabana?

— Hakibani.

— Na kama kinabana?

— Hakibani, Kapteni. Mle ndani shahidi ni wewe peke yako.

Aliuliza mara mbili. Naandika hivi sasa na moyo unaniuma, kwa kuwa tulikuwa wote pale, masikio tunayo, na mtu wetu aliuliza mara mbili. Lakini tulikuwa na kazi kubwa ya kushauri.

Dokta Tairi alimpinga Wakili. Alisema wale wa nyaya hawahitaji maneno ya mtu, moyo ni tyubu, na tyubu ukiijaza upepo ndipo inapojisema. Dawa ni kwenda na upepo mdogo. Kapteni asile nyama wiki nzima, alale mchana, akipanda kwenye mkanda apumue nusu nusu, na mlima ukianza atumie gia ndogo.

— Gia ndogo ya miguu ni ipi? Kapteni akauliza.

— Wewe ni dereva. Utaisikia mwenyewe.

Mimi nilikuwa na ushahidi mkubwa kuliko wote, kwa kuwa niliupata kwa mteja aliyeniletea simu iliyoingia maji. Niliwaambia mashine zile zimetengenezwa na watu wa nchi za baridi, kwa mioyo ya baridi. Mtu aliyekulia Chitete, kwenye joto lile la Momba, moyo wake umezoea kupiga haraka tangu utotoni. Mashine itaushangaa tu. Suluhisho ni kulala Mbeya siku mbili kabla, aoge maji ya baridi asubuhi na jioni, moyo upoe ufanane na mioyo ya wenye mashine. Salum akiwa anamimina kahawa akasema yeye ameishi Mbeya na moyo wake haukupoa, kilichopoa ni mapenzi ya mwenye nyumba wake. Tukamwomba amimine kahawa asituvurugie kikao.

Wakati huo alikuwa amefika mama mmoja kutoka Nakonde, ng'ambo hapo, na gurudumu la toroli lenye pancha. Alitusalimu "mulishani mukwai", tukaitikia, Dokta Tairi akalichukua gurudumu akalitumbukiza kwenye beseni la maji, akarudi kwenye mjadala. Mama wa watu akajifunga kitenge vizuri, akakaa juu ya tairi, akasubiri.

Wakili ndiye aliyetoa wazo kubwa. Alisimama kulisema. Akauliza, mzigo usiopitika kwa jina lake unapitaje? Akajijibu mwenyewe kwamba unapita kwa jina la mtu mwingine. Kwa hiyo Kapteni hana sababu ya kwenda Mbeya. Atakwenda mtu mwenye moyo mzima, aseme yeye ndiye Shadrack, apande kwenye mkanda, akimbie, majibu yatoke safi, bosi aridhike, gari lirudi barabarani. Moyo ni wa kuazima tu siku moja, kama koti la harusi.

Ningependa kuandika kwamba mmoja wetu alikataa. Dokta Tairi aliuliza tu moyo huo tunaupata wapi, na mimi, nasema kweli, nilikuwa wa kwanza kumtaja Jairo.

Jairo ni kijana wa Ruanda kule Mbozi, mbeba mizigo. Magunia ambayo wengine wanashika wawili, yeye anaweka begani na bado anapiga mluzi. Hana kitambi, hana pumu, hana hata mafua. Nilimpigia simu, akaja kwa miguu kutoka sokoni kabla kahawa haijapoa, akasimama mbele yetu akituuliza tunashusha nini.

Wakili akamweleza shauri lote. Jairo alisikiliza, akamtazama Kapteni.

— Ni wewe, Kapteni?

— Wanasema hawa, Kapteni akajibu. Mimi sijasema.

— Kama ni wewe, nakwenda.

Hakuuliza kingine. Sisi tulijua kwa nini. Mama yake alipofariki hapa mjini, Kapteni alishusha mzigo wa watu kwenye ghala, akaupakia msiba ule kwenye lori, akaupeleka mpaka Ruanda, na alipofika akashika jembe la kuchimbia kaburi kama ndugu. Kwa Jairo, hata angeambiwa akatolewe damu, angekunja mkono wa shati.

Basi mafunzo yakaanza. Wakili akakaa kama daktari, Jairo akasimama.

— Unaitwa nani?

— Jairo.

— Tena.

— Shadrack.

— Unafanya kazi gani?

— Nabeba magunia.

Tulimrudisha mwanzo mara nyingi. Kisha Dokta Tairi akagundua kasoro ya tumbo, kwamba dereva mzima wa masafa hawezi kuwa na tumbo lililoingia ndani kama sufuria lililogongwa. Akaleta tyubu ya pikipiki aizungushe kiunoni kwa Jairo. Ilipendeza sana ndani ya shati, ila Kapteni akatukumbusha kuwa nyaya zinabandikwa kifuani, na shati linavuliwa. Wakili akasema basi aseme amepungua kwa mawazo. Jairo akauliza kama huko Mbeya wanatoa chakula kabla ya kukimbia. Alipoambiwa hawatoi, uso ulimbadilika kidogo, lakini hakurudi nyuma.

Tukamwambia akimbie palepale tumwone. Jairo akakimbia. Akaongezwa mwendo, akakimbia, huku anajibu maswali ya Wakili, anasalimia wapita njia, hahemi. Watu walisimama kumtazama. Hapo Wakili akaona hatari nyingine.

— Hapana, hapana. Unakwenda vizuri mno. Wewe ni mtu wa miaka hamsini na kitu, una familia. Hema kidogo.

Jairo hakujua kuhema. Alijaribu, ikawa kama mbuzi anayekohoa. Tulicheka mpaka Salum akaweka birika chini. Wakili akamwomba Kapteni asimame amfundishe mtu wa umri wake anavyohema. Kapteni akacheka, akakataa, tukamshikilia, akasimama. Akakimbia palepale sambamba na Jairo, tumbo linaruka, sisi tunapiga makofi. Haikuwa muda mrefu. Akahema vizuri sana, tukasema naam, Jairo, hivyo ndivyo, umeona? Kisha Kapteni akakaa, akaendelea kutabasamu, na sisi tukaendelea kubishana kuhusu Jairo alale Mbeya kwa nani.

Mama wa Nakonde akakohoa kidogo.

— Samahani ba mudala, wazee wangu. Naomba kuuliza. Huyu kijana akishapimwa, dawa mtampa nani?

Wakili alimgeukia kwa upole, kama anavyowageukia watu ambao mizigo yao imekwama.

— Hakuna dawa, mama. Yeye anapita.

— Nimesikia. Lakini hicho kipimo ni cha kutafuta ugonjwa. Wa kupimwa ni huyu, na mgonjwa ni yule pale. Sasa dawa mtampa nani?

Alimwonyesha Kapteni kwa kidevu. Tukageuka, tukamtazama vizuri kwa mara ya kwanza jioni ile. Upepo wa Tunduma mnaujua, ule unaofanya watu wavae masweta mchana. Kapteni alikuwa amelowa jasho usoni na shingoni. Bado alikuwa anatabasamu, lakini lilikuwa tabasamu la mtu aliyesahau kuliondoa. Mkono wa kulia ulikuwa juu ya kifua.

Jairo ndiye aliyechuchumaa mbele yake.

— Kapteni, kinauma?

Kapteni aliangalia malori kwanza. Akaangalia mikono yake.

— Kinabana, alisema. Kinaachia, halafu kinabana tena nikifanya kazi. Mnawaona wale vijana ninaowapa kazi ya kufunga turubai, mkasema Kapteni ana huruma na vijana? Si huruma. Nikinyanyua mikono hivi kuvuta kamba, kinabana mpaka kwenye taya. Nikaona aibu. Nikaanza kusema njooni mfunge, mpate chochote.

— Tangu lini? Dokta Tairi akauliza, na sauti yake haikuwa ya kijiweni.

— Kabla ya Pasaka.

— Na hukusema.

— Nimwambie nani? Nikisema, wananishusha kwenye gari. Naogopa, Gwakisa. Naogopa kufa, na naogopa kushushwa kwenye gari, na sijui naogopa kipi zaidi.

Sijawahi kumsikia Kapteni akisema anaogopa kitu. Barabarani alikutana na majambazi, akasimulia akicheka. Niliona haya, na wenzangu pia, maana rafiki yetu alikaa na jambo hilo ubavuni kwetu kila jioni, nasi tulikuwa tunamfundisha namna ya kulificha vizuri zaidi.

— Mama anajua? Jairo akauliza. Alikuwa na maana ya Anastazia, mkewe.

— Hajui.

— Mpigie.

Kapteni akatoa simu. Huwa anazungumza kwa spika, injini zimemharibu masikio, kwa hiyo tulisikia yote ingawa tulijifanya tunaangalia barabara.

— Mama Erica.

— Abee.

— Kifua kinaniuma.

Tulisikia mfuniko wa sufuria unawekwa.

— Sasa hivi?

— Kinaanza kuachia. Lakini huwa kinauma. Nimekuwa nakuficha.

— Uko wapi?

— Kwa Gwakisa.

— Na nani?

Kapteni akatutazama mmoja mmoja. Angeweza kutusema, na tungestahili.

— Niko na wenzangu, akasema.

— Kaa hapo hapo. Usinyanyuke, usitembee. Nakuja na bajaji twende hospitali.

Jairo alivua sweta lake akamfunika mabegani. Dokta Tairi akafunga banda mapema, jambo ambalo halijawahi kutokea hata siku za mvua. Gurudumu la toroli lilikuwa limeshazibwa, lakini mama wa Nakonde hakuondoka, alisema atamsubiri mama mwenzake afike. Bajaji ilipokuja, Anastazia hakutusalimu. Alikaa kwenye benchi letu, akaweka kiganja juu ya kifua cha mumewe, akakiacha pale kwa muda. Wakili akaanza kumweleza, akaacha katikati. Wakaondoka na Jairo akiwa amemshika Kapteni ubavuni.

Hospitalini walimlaza siku kadhaa, wakamtuliza kwa dawa. Baadaye akapelekwa Mbeya, akapanda mwenyewe kwenye ule mkanda, kwa miguu yake na tumbo lake. Anasema mlima ulipoanza tu, kifua kikabana, akawaambia kinabana, na wakausimamisha pale pale. Wakamwonyesha alama za moyo wake zilivyopinda. Mshipa mmoja umeziba nusu, na sasa ana vidonge vya asubuhi na jioni, na safari nyingine ya hospitali inamsubiri. Usukani amepewa dereva mwingine. Bosi alimjia nyumbani kumwambia, naye Kapteni akampa funguo kwa mkono wake.

Sasa jioni Anastazia humsindikiza mpaka kijiweni. Salum humpa tangawizi badala ya kahawa. Jana tulikuwa tumekaa, Wakili anatueleza jambo asilolijua, mara lori la Kapteni likapita kuelekea mpakani. Tulilijua kwa mngurumo kabla hatujaliona. Yule dereva kijana akapiga honi kwa heshima. Kapteni akanyanyua mkono, akalifuata kwa macho mpaka likajipanga nyuma ya mengine, na mkono ukabaki juu hata baada ya hapo.

Dokta Tairi akainama.

— Kinabana, Kapteni?

Kapteni alifikiri kwanza, kama anavyofikiri siku hizi kila akiulizwa.

— Hapana, hakibani. Naona uchungu tu, Dokta. Lile gari nililipenda.

Dokta Tairi akasogea kwenye benchi mpaka mabega yao yakagusana, na tukakaa hivyo, bila kumpa ushauri wowote.